Kigari cha Mawe na Shikamoo ya Kihwele

Kabla hujaniwashia hizo taa ulizofunga juu ya kigari chako, kigeuze kwanza nizione tairi. Ndivyo ninavyowaambia nyie wote mnaokuja kwangu Tabata Jumapili na vigari vyenu vya rimoti vya kupanda mawe, na ndiyo maana mnaninunia. Kijana katoka kununua kigari cha kuanzia, hajakipandisha hata kizingiti cha mlango, tayari kina taa mbele, kina bendera nyuma, kina kreti ya soda ya kuchezea imefungwa juu kwa kamba. Kwenye simu keshanitafutia mota kubwa ambayo ikikaa humo itaing'oa propela siku ya kwanza. Halafu ananiuliza, "Babu, nianze na nini?" Umeshaanza, mwanangu. Umeanza na harusi, posa haijapelekwa.

Mie naitwa Mapunda, Mngoni wa Songea, fundi difu na springi mstaafu. Nimelala chini ya malori pale Vingunguti mpaka watoto wangu wakaijua miguu yangu kabla ya sura. Malori ya kwenda Tunduma, ya kwenda Kigoma, yamepakiwa hadi springi zimenyooka. Nilistaafu siku mgongo ulipoamua, mie sikuulizwa. Na hivi vigari vyenu msividharau kwa udogo wake. Kina gia, kina propela ya kupeleka nguvu kwenye difu, kina difu ya kuigawia tairi, kina shokapu. Kilichokosekana ni utingo na mwenye mali anayepiga simu kila dakika kuuliza kama limepona.

Haya ya vigari nimeyajua kwa sababu ya mtu mmoja tu, Kihwele. Ni Mhehe wa Iringa, na kama kwenu hamkufundishwa, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana vita, wakachoka, wakatuachia matusi ndiyo urithi. Mie na Kihwele tuliajiriwa gereji moja tukiwa vijana, mie difu na springi, yeye injini. Kwake mie ni mateka wa babu yake, kwangu yeye ni mateka aliyetoroka. Akiugua nilikuwaga namwambia afanye haraka, shamba lake la Iringa linanisubiri. Nikiugua mie analeta supu, anakaa ukingoni mwa kitanda changu, anainywa mwenyewe mpaka chini, anafuta mdomo, anasema, "Pole sana." Hakuna kununa. Ukinuna utani umekushinda.

Ishu moja tu ndiyo haikuwahi kuwa ya utani: nani mkubwa kati yetu. Yeye hana cheti cha kuzaliwa, mie sina. Mama yake alisema alimzaa mwaka wa mafuriko, mama yangu alisema alinizaa mwaka wa njaa, na hakuna aliyetuambia kipi kilitangulia. Basi maisha yetu yote pale gereji hakuna aliyempa mwenzake shikamoo. Wadogo walituamkia, wakubwa tuliwaamkia, sie wawili tukikutana asubuhi ni "Umekuja?" "Nimekuja." Tumekabana hivyo mpaka mvi. Nyie mnaona jambo la kijinga. Subirini mfike umri ambao kitu pekee mnachopewa bure ni shikamoo, ndipo mtajua inauma kiasi gani kuikosa kwa mtu mmoja.

Sasa hapa kwangu, chumba cha mbele, nina mpangaji, binti anaitwa Jesca. Ni fundi simu, katoka Moshi, ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye ndiye aliyeanza kuagiza vigari hivi na kuwauzia vijana wa mtaa. Kihwele akaja siku moja kunitukana kama kawaida yake, akakiona, akanunua. Hakukipenda, nyie. Alikinunua kwa sababu aliniona mie nakitamani. Kesho yake nimekaa barazani, nasikia kitu kinapanda juu ya kandambili yangu. Natazama, ni kigari, na nyuma ya ukuta ni Kihwele na rimoti, anatetemeka kwa kucheka.

Nikanunua cha kwangu jioni ileile, kilekile, rangi nyingine. Na kwa sababu hapa mtaani pana kiwanja cha jirani chenye lundo la mawe ya msingi wa nyumba ambayo tunaisubiri ianze kujengwa tangu Jesca yuko shule, tukawa na mlima wetu. Juu kabisa pana jiwe moja limelala kimshazari, lina ufa katikati. Vijana wanaliita Mkwe, kwa sababu ukilifuata kwa mbwembwe linakurudisha ulikotoka.

Ilikuwa mwanzo wa Kwaresima. Nilikuwa nimeacha nyama, sikuwa nimeacha uchokozi. Nikamwambia Kihwele mbele ya Jesca na vijana wake, "Wewe na mie tutapandisha Mkwe. Atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo, kila siku, mbele za watu, mpaka mmoja wetu azikwe."

Kihwele hakucheka. Akasema, "Umeyasema wewe."

Jesca akaweka sheria. "Babu zangu, nawajua. Mkiachiwa mtanunua duka zima. Kila mmoja ana ruhusa ya kubadilisha vitu vitatu tu kwenye gari lake. Tunakutana Jumapili ya baada ya Pasaka, mkitoka misa."

Vitu vitatu. Nawaambieni, hakuna shule nzuri kama hiyo. Mtu mwenye ruhusa ya vitu ishirini hajifunzi chochote.

Kihwele hakuhitaji hata kulala ili aamue. Fundi injini huyo, na fundi injini anaamini kila mlima ni ugonjwa wa injini. Akatafuta mota yenye nguvu. Akatafuta betri kubwa ya kuilisha hiyo mota, na kwa kuwa haikuenea pale chini akaifunga juu, chini ya bodi. Cha tatu akaweka shokapu ndefu, gari likanyanyuka, tumbo lisiguse mawe. Na msimcheke. Ukimsikiliza anavyoeleza, kila kimoja kina sababu. Mawe ni marefu, gari liwe refu. Mlima ni mkali, mota iwe kali. Vijana wote walikuwa upande wake, maana gari lake sasa lilikuwa zuri mno. Limesimama kama jogoo.

Langu lilikuwa vilevile lilivyotoka kwenye boksi, na mie nimelala sakafuni nalitazama.

Kulala huko nilifundishwa na fundi wetu wa kwanza, marehemu Likwata, Mmakonde wa Newala. Kabla ya magari alikuwa mchongaji. Lori likiingia gereji, sie tunakimbilia boneti, yeye analala chini kwanza. Dereva anaeleza, anapiga mikono, Likwata hamjibu, yuko chini anatazama tairi zinavyoikanyaga ardhi. Alikuwa anasema mchongaji anayeanza na sura ya kinyago bila kuangalia kitasimama juu ya nini, mwisho wake anauza kinyago kinacholala. Nilimwona mzee wa ajabu. Sasa nalala mwenyewe, na Jesca ananiruka akienda bafuni.

Nilichokiona kule chini ni hiki. Tairi za kigari cha kuanzia ni ngumu kama kandambili iliyosahauliwa juani. Zinapita juu ya jiwe, hazilishiki. Ibonye tairi yako kwa dole gumba. Ikikurudishia kidole kwa hasira, hiyo si ya mawe. Inatakiwa ibonyee, ikae kidogo, irudi kwa uvivu. Mota yoyote utakayoweka nyuma ya tairi ngumu inakusaidia kuteleza haraka zaidi, basi. Kwa hiyo cha kwanza changu kilikuwa tairi laini. Na kwenye rimu nikatoboa tundu dogo hewa ipumue, kwa sababu nilikumbuka madereva wetu wakifika penye mchanga walikuwaga wanapunguza upepo, tairi itambae. Ni jambo lilelile.

Cha pili ni uzito, na hapa nilijiaibisha. Lori tupu likipanda mlima wa tope tairi za nyuma zinazunguka bure, kwa hiyo kichwani mwangu uzito ni wa nyuma. Nikaenda kwa vijana wanaobalansi tairi barabarani, nikaokota vile vipande vya risasi wanavyovitupa, nikavibandika nyuma ya kigari. Nikakipeleka kwenye lundo. Kilipoanza kupanda kikainua mikono kama mtu aliyeokoka, kikaanguka chali. Nikarudia. Kikaokoka tena.

Jesca alikuwa anakula karanga ukutani. "Babu, unakifundisha kusali?"

Nilikaa siku kadhaa na aibu hiyo mpaka nilipolala tena chini. Lori la mzigo linapanda barabara, hata ikiwa mbaya ni barabara. Hiki kinapanda ukuta. Kwenye ukuta kila kitu kinataka kukuvuta nyuma, wewe ukaongeze nyuma tena? Nikavitoa vipande vyote nikavibandika kuzunguka rimu za mbele, ndani kabisa, usawa wa ekseli. Uzito uwe mbele na uwe chini. Ukiweka uzito juu, mfano betri kubwa chini ya bodi, sitaji jina la mtu, umejitengenezea mlevi.

Lakini kila unachokiongeza kinadai chake. Tairi laini zenye risasi tumboni ni nzito, na kile kimota kidogo kinachokata kona, hicho mnachokiita sevo, kwenye magari ya kuanzia kina meno ya plastiki. Tairi ikibanwa kati ya mawe mawili unazungusha rimoti, sevo inalia nyii, tairi haigeuki. Siku moja ikalia, halafu ikanyamaza kabisa. Basi cha tatu kilijichagua: sevo yenye nguvu, ya meno ya chuma. Hapo vitu vyangu vitatu vikaisha. Gari langu lilionekana kama siku ya kununuliwa, ila limechafuka.

Mota sikuigusa. Taa sikufunga. Nikabakiwa na Kwaresima iliyosalia ya kufanya mazoezi ya kitu ambacho hakiuzwi, yaani kidole. Mnabonyeza rimoti kama mnaua nzi. Bonyeza kama unajaribu embe la mtu sokoni na mwenyewe anakutazama.

Kihwele naye alifanya mazoezi, na lazima niwahadithie Jumamosi moja alipokuja na gari lake limekufa. Halijafa kabisa. Ukibonyeza linatetemeka palepale, linanguruma, haliendi mbele haliendi nyuma. Alikuwa amelifungua akapaka grisi, na aliporudisha ekseli ya mbele akaifunga imepinduka. Tairi za mbele zinakwenda Iringa, za nyuma zinarudi Dar. Nilikaa chini nikacheka mpaka Jesca akaniletea maji, kwa sababu jamaa huyu ujanani alilifanyia hivyohivyo lori zima. Nilikuwa nimesafiri kwa msiba, akajitia kufunga difu mwenyewe. Difu ikakaa kinyume, lori likawa na gia moja ya kwenda mbele na zilizobaki zote za kurudi nyuma. Likwata hakumgombeza. Alipanda, akaliendesha kinyumenyume kutoka gereji mpaka barabarani, watu wanakimbia, akamwambia, "Mpelekee mwenye mali hivyohivyo."

"Ile difu uliifunga wewe," Kihwele akasema, mpaka leo anasema hivyo.

"Nilikuwa msibani Songea."

"Uliifunga kwa roho mbaya ukiwa hukohuko."

Nikamwambia ageuze ekseli. Ningeweza kunyamaza nikashinda kirahisi, lakini shikamoo ya namna hiyo haina ladha.

Jumapili ikafika. Kutoka misa tulikwenda moja kwa moja na mashati yetu ya kanisani. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia, mama wa maandazi kahamishia meza yake pale. Jesca akasema kila mmoja ana nafasi tatu, gari likipinduka nafasi imekwenda.

Kihwele alianza. Gari lake lilinguruma likapanda mawe ya chini kwa kuruka, vijana wakapiga makofi, na kwa kweli mie niliingiwa hofu. Lilipofika kwenye Mkwe lilirusha vumbi, likainuka, likapepesuka kwa sababu ya ile betri ya juu, likalala ubavu. Mara ya pili akaongeza nguvu. Likaruka zaidi, likaanguka mbali zaidi. Mara ya tatu alijaribu kwenda polepole, lakini mota ile haikuwa na polepole. Ilikuwa na kimya na kishindo. Likabingirika hadi miguuni kwa mama wa maandazi.

Langu, mara ya kwanza, liliteleza kwenye ufa likapinduka. Mara ya pili lilifika katikati, nikaharakisha kwa tamaa, likapinduka tena. Hapo ndipo nilipomwona Kihwele anatoa kofia yake kichwani na kuirudisha, na nikajua naye anaogopa kama mie. Wote wawili tungeweza kwenda nyumbani bila shikamoo, kama tulivyokuja.

Mara ya tatu sikulitazama jiwe. Nililala. Na shati langu la kanisani, nikalala vumbini nikatazama tairi. Nikaona ya kushoto inakanyaga ukingo wa ufa badala ya kuingia ndani. Nikakata kona kidogo, sevo ikaisukuma tairi nzito ikaingia kwenye ufa, ikabonyea, ikashika. Nikabonyeza kidogo. Ikasogea. Nikaacha. Nikabonyeza. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hapakuwa na cha kushangilia, kigari kilikuwa kinajivuta tu kama bibi anayepanda ngazi za hospitali. Halafu kikawa juu, kimekaa kwenye Mkwe, kimenyamaza.

Kihwele aliinuka. Akajipangusa mikono, akavua kofia, akaja mpaka mbele yangu ambapo nilikuwa najaribu kunyanyuka. Akainama. "Shikamoo."

"Marahabaaa," nikaivuta mpaka barabarani. Nyie, ilikuwa tamu. Siwadanganyi. Usiku ule nililala kama mtoto aliyenyonya.

Na Kihwele ni mtu wa neno lake. Kesho yake akaja: "Shikamoo mzee Mapunda, umeamkaje?" Siku iliyofuata vilevile. Nikiingia mahali anasimama, ananipisha kiti. Nikimwita mateka anasema, "Ndiyo, mzee." Nikamwambia mota yake nzuri kwa kusagia karanga, akasema, "Inawezekana, mzee, wewe ndiye unayejua." Mgongo uliponikamata nikalala, akaleta supu. Nikajiweka sawa nisubiri ainywe. Akaiweka mezani imefunikwa, akaniombea afya njema, akaondoka. Nilikula ile supu peke yangu na ilikuwa haina maana yoyote.

Nikamlalamikia Jesca. Akaniangalia kama simu ambayo mwenyewe kaitumbukiza kwenye ndoo halafu anauliza imekuwaje. "Babu, ulitaka heshima. Si umepewa? Mtu unayempa shikamoo unamtukana vipi?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemshinda mtu pekee aliyebaki duniani anayeweza kunitukana kwa kujua. Likwata amekufa, gereji imekuwa ghala la mtu, wengine wote mnanipa shikamoo na mnanionea huruma. Kihwele alikuwa hanionei huruma, na mie nikamlazimisha aanze. Iliniuma. Niliona nimebadilisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Jumapili moja nikaamka mapema, nikaenda kwake kabla ya misa. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kifua wazi ila kofia kichwani, anataka kunawa uso. Aliponiona akaanza kuinuka, mkono tayari unaelekea kwenye kofia. Nikamuwahi. Nikainama, na mgongo wangu huu mnaoujua, nikasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Shikamoo."

Alibaki amejikunja nusu. Alinitazama macho, akanitazama miguu, akanirudia macho. Halafu akakaa taratibu, akanyoosha miguu yote miwili, akajikuna tumbo.

"Marahaba," akasema. "Hujambo? Baba hajambo? Shule unakwenda?"

"Nakwenda."

"Mtoto mzuri. Hebu nenda kaniletee maji ninawe."

Nikaenda ndani, nikachota ndoo. Nikarudi nayo, nikammwagia yote mgongoni, na mzee yule akaniporomoshea matusi kuanzia kwa babu wa babu yangu mpaka kwangu, hakuruka hata mmoja. Sijawahi kuamkiwa vizuri vile.